Wimbo wa Nane

Alikuja dukani kwangu Jumanne, mvua ikinyesha,
gitaa limefungwa kwa gunia la sukari ya Kakira.
Akauliza bei ya taulo, asinunue.
Akauliza hali ya mama, ilhali alikuja mazishini.
Ndipo akatoa karatasi iliyopigwa chapa:
"Weka sahihi, binti Mukooli.
Nataka kuimba wimbo wa baba yako."

Yokana Magoola. Miaka sabini na sita,
meno ya mbele yameaga, kidole cha shahada
kimepinda tangu kiumwe na mashine ya kiwanda cha nguo.
Nyumbani kwetu jina lake halikutajwa mezani.
Baba alimwita yule wa Bugembe,
na chakula kikapoa.

Albamu hii ni ya mwisho, alisema,
na haina wimbo wake hata mmoja.
"Zangu nimezichoka. Nimeziimba
hadi maharusi wamekuwa mababu.
Nataka za wale niliowaonea wivu
nikajifanya sikuwasikia."
Zilikuwa kumi. Wa kinyozi wa Iganga aliyerekodi mara moja, akafa.
Wa mama wa Kaliro aliyeimba akipima mtama,
bila gitaa, bila kujua kuna mtu anahesabu mapigo.
Wa nane ni wa baba.

Wimbo wa nane naujua. Walukuba nzima inaujua.
Baba aliutunga mwaka ule walipogombana
kwa ajili ya pesa za dansi la Krismasi, au mwanamke,
inategemea nani anasimulia na amekunywa nini.
Aliutunga kwa Kiswahili cha kiwandani
ili Wajaluo na Wasamia wa mashine nao wacheke:
chura aliyekunywa maji ya Naili,
mto ulipopungua kiangazi
akatangaza, ni mimi.
Haukutaja jina. Ulitaja kofia ya ukili
na mguu wa kushoto unaoburuta.
Watoto walimwimbia njiani.
Mimi nilikuwa mbele yao.

Studio ni chumba nyuma ya saluni,
kuta zimebandikwa trei za mayai,
dirisha limezibwa kwa godoro.
Isabirye, kijana wa mitambo, akasema kwa adabu,
"Mzee, tushushe. Pale juu hufiki."
Wakashusha. Wakashusha tena.
Umeme ukakatika. Umeme unazaliwa hapa hapa Jinja,
unatupita mlangoni kama mgeni wa jirani.
Tulikaa gizani tukinusa nywele zilizoungua,
karatasi bado mkononi mwangu, haijasainiwa.

Uliporudi, akaimba.
Nilisubiri ubeti wa tatu. Nilidhani ataruka,
au atamvika kofia mtu mwingine.
Akaimba kofia.
Akaimba mguu.
Alipofika kwa chura akapunguza mwendo
kama apitaye kando ya nyumba yenye mgonjwa.
Sauti ilikwaruza, ikabaki.
Lile tusi alilisoma kama barua ya zamani
ambayo mtu aliichana kwa hasira, akaiunga kwa gundi,
na leo ndiyo anaona mwandiko ulikuwa mzuri.

Nilijiandaa kwa neno lolote, hata la baba.
Alifuta nyuzi kwa kitambaa.
"Ubeti wa tatu," akasema, "alikosea.
Ninachechemea mguu wa kulia."
Nikatazama. Kweli. Miaka arobaini.
"Mbona hukurekebisha?"
"Kushoto inaoana na mto," akasema.
"Kulia kungeharibu vina."

Niliweka sahihi juu ya spika.
Kalamu iligoma, nikaipulizia.
Nje mvua ilikuwa imeanza tena.
Akaniuliza bei ya ile taulo,
nikamtajia.
Akasema ni ghali.