Kipengele cha Kumi na Nne

Mulkiya imeandikwa jina langu,
Rayya binti Nabhan, herufi nyeusi nzito.
Nimelipa riali juu ya riali, miezi arobaini na minane,
sikuruka hata mwezi wa arusi ya Azza.
Basi naomba mtu anijibu:
gari ni la nani?

Ilianza na oili.
Ijumaa, jua halijapanda ukuta wa jirani,
nikatandika magazeti uani kwetu, Al-Khoud,
nikaliwasha kidogo, nikalizima,
nikajilaza chali chini yake kama mgonjwa,
spana ya kumi na saba mkononi.
Nati ikagoma. Ikagoma. Ikalegea.
Oili ikashuka nyeusi, nyembamba, ina moto,
ikanichuruzika mpaka kiwikoni,
nami nikacheka peke yangu chini ya lile bati.
Filta ni ileile, jina la kampuni ubavuni,
nimeinunua Wadi Kabir, risiti ninayo.
Risiti ninayo. Shikeni hapo.

Mwezi wa sita kiyoyozi kikakata roho
njia ya Nizwa, nyuzi arobaini na saba,
mama kiti cha nyuma anajipepea kwa bahasha ya eksirei:
"Funga dirisha, mwanangu, huo upepo unaunguza."
Nikafunga. "Fungua," akasema.

Kwa wakala, Ghala, sakafu inang'aa
mpaka miguu inaona haya.
Kahawa walinipa. Tende walinipa.
Kijana Muhannad, kanzu haina hata mkunjo,
akasoma kompyuta, akaisoma tena,
akasema kwa upole, na upole ndio ulioniudhi:
"Dada, huduma ya oili hukuifanya kwetu.
Kipengele cha kumi na nne.
Dhamana imekufa."

Oili na kiyoyozi, nikamuuliza, wamejuana wapi?
Mtu aking'oa jino nyumbani kwake
ndiyo asitibiwe jicho?
Akakitazama kikombe changu.
Akaniongezea kahawa.

Wadi Kabir, Shaji akainama,
sikio karibu na injini kama anayenong'onezwa,
akasema kwa Kiarabu chake cha gereji:
"Ugonjwa naujua. Ufunguo sina."
Kompresa mpya akiifunga,
gari litauliza neno la siri,
na neno hilo linakaa Ghala, ndani ya kompyuta yao.
Kumbe gari langu lina siri na watu wengine,
na mimi ndiye ninayelilisha petroli.

Usiku nikamsimulia mama.
Yeye cherehani yake ameifungua kwa kisu cha mezani
tangu Unguja, akaipandisha nayo ndege,
na hadi leo inashona.
"Dhamana ndiyo nini?"
Ahadi, mama. Kikiharibika, wanatengeneza.
"Na wewe umewaahidi nini?"
Kwamba sitagusa. Kwamba hakuna mwingine atakayegusa.
Mpaka miaka mitano iishe.
Akakata uzi kwa meno.
"Hiyo si dhamana, Rayya. Hiyo eda."

Nimeandika barua kwa wanaolinda wanunuzi.
Risiti nimeipiga picha mbele na nyuma,
na nati pia nimeipiga picha, sijui kwa nini,
labda nilitaka waone ilivyokazwa sawasawa.
Wamenipa namba. Namba ndefu.
Kila Jumapili napiga simu, naisoma tarakimu kwa tarakimu,
sauti inaniambia faili liko njiani,
na mimi pia niko njiani, madirisha wazi,
nafika shuleni nguo zimenigandama mgongoni
na wanafunzi wananihurumia.

Kilomita nazo hazingoji barua.
Zimetimia elfu kumi nyingine.
Leo Ijumaa. Magazeti yamo uani,
moja lina tangazo la gari jipya, linang'aa,
nimeliweka pale pale oili itakapodondokea.
Niko chali. Nati imegoma.
Naona miguu ya mama inakuja, ndala na hina,
ameshika kurunzi ambayo sikumwomba.
"Sogea kidogo," anasema,
anainama huku magoti yanamlia,
"nami nione."