Yah: Kufungua Shule

Husika na somo tajwa hapo juu, mzazi,
ijapokuwa hapa Uporoto leo hapajulikani juu wala chini:
ukungu umeingia mpaka ofisini
na nguzo ya bendera naijua kwa kukumbuka tu.

Muhula wa pili unaanza Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi.
Ni saa ya ukutani, si ya jogoo wa Mzee Nsyenge
ambaye tangu Juni hawiki
hadi jua limpashe mgongo.

Sweta ni la bluu.
Lakini sitamrudisha mwenye la kijani,
wala mwenye la mama yake lililokunjwa mikono mara tatu.
Nitakayemrudisha ni yule asiye nalo,
na nitamrudisha mpaka jikoni tu, kando ya moto,
akae na daftari lake
mpaka sakitu iyeyuke uwanjani.

Uji. Mahindi debe moja, maharage sado mbili.
Asiye na mahindi alete viazi.
Asiye na viazi, hata Julai hii,
aje tuzungumze. Mlango wa nyuma,
ule unaotazama miparachichi, siufungi.

Kuni: gogo moja kila Ijumaa, kavu.
Muhula uliopita mlingoti mbichi ulimliza Mama Tumpe jikoni
mpaka majirani wakaja na sukari
kumpa pole ya msiba.

Vilivyookotwa:
gambuti moja, la kushoto;
ufunguo kwenye uzi wa katani;
jino, limefungwa vizuri ndani ya karatasi ya hesabu.
Mwenye jino tunamjua, wiki nzima alikuwa hacheki.
Mwenye gambuti ajitokeze. Lazima anatembea namna fulani.

Sasa viazi.
Najua ni msimu. Nami nimezaliwa kwenye matuta,
kucha zangu hazijapata kutakata vizuri.
Ila mtoto akishinda shambani wiki tatu akijaza lumbesa,
gunia linavimba kichwa
na daftari linabaki jembamba.
Darasa la saba wamebakiwa na miezi miwili.
Mnunuzi ana simu, mwambieni asubiri.
Mtihani hauna simu.

Watoto wasidandie fuso mlimani.

Hapa niliandika jambo, nikalifuta, nikaliandika tena.
Andwele Mwazembe, darasa la sita:
mara ya mwisho tulimwona Mei, juu kabisa ya magunia,
akitupungia. Tukampungia.
Tulidhani ni Uyole na kurudi.
Jina lake bado liko kwenye rejista,
kati ya Ambokile na Atupele.
Nikiliita, darasa zima hujibu, "Yupo!"
Nimewakataza, hawasikii.
Nami natia vema,
kwa penseli.

Mwisho.
Karatasi hizi huwa zinaishia kufungia maandazi.
Miaka yote nimelalamika. Mwaka huu silalamiki.
Mama Lugano, wewe unayeuza pale magari yanapopoza breki,
chukua nakala kumi, chukua ishirini,
ufungie maandishi yakitazama nje.
Kijana mwenye vumbi la viazi masikioni akinunua mawili,
mpe na la tatu, deni langu.
Hesabu za sehemu zinampiga chenga,
lakini kusoma anasoma,
hata mafuta yakipita katikati ya sentensi.

Nawatakia ujenzi mwema wa Taifa.

Mwl. Syabumi Mwalyego,
Kaimu Mwalimu Mkuu.

Nakala: mashine ya kusaga,
ubao wa kanisani,
ghala la viazi.
Zote zilizobaki: Mama Lugano.