Kupanga Faili la Pampu

Saa nne usiku, ofisi ya maji, Chumbageni.
Nililiambia faili: jipange, A mpaka Z.
Likatii.
Anwani zikakaa na anwani,
nywila na nywila,
na majina ya pampu, Amboni, Mabayani, Pongwe,
yakabaki mikono mitupu.

Mashine haijui
kwamba zile nafasi mbili ubavuni
ni mbeleko:
mstari ulioingia ndani
ni mwana wa ulio juu yake.

Nikairudisha nakala ya jana.
Nikaandika hati upya:
mstari ukianza na nafasi
uvute hadi kwa mama yake,
uwaunge kwa alama isiyotumika popote.
Nikachagua mkato. Nywila ya Pongwe ina mkato.
Nikachagua nyota. Mhina, kwa sababu zake,
alipenda nyota.
Kiwimbi kikakubali.

Kila pampu sasa mstari mmoja mrefu,
robota la mkonge lililokazwa kamba.
Panga.
Kata kamba.
Shusha watoto.

Wote wamefika kwao
isipokuwa mmoja, juu kabisa, nyuma ya alama ya reli:
"Usiguse hii. Muulize Mwajabu."

Hii ipi?
Hata kwenye nakala ya jana
ulisimama katikati ya Amboni na Mabayani,
haukuegemea upande.

Mwajabu amestaafu, yuko Muheza.
Namba yake ninayo.
Saa sita kasoro robo,
na mimi nimeshagusa vyote.