Mizani ya Wilson

Nairobi hadi Lodwar: kilomita mia tano na ushei,
saa moja na dakika ishirini, upepo ukikubali.
Nimeyakariri kama namba ya kitambulisho.
Nayasema huku napima mizigo, napima na watu,
maana ndege yetu ni ndogo, haitaki kudanganywa.

Nakiru namkumbuka.
Novemba alishuka hapa na mtoto wa kilo nane,
barua ya rufaa ameichomeka ndani ya shanga za shingoni.
"Kenyatta ni mbali?"
Dakika kumi na tano, nikamwambia, barabara ikiwa wazi.
Akakaa miezi mitano.

Leo Ekidor hataki kukaa kwenye mizani.
Anapiga mateke, anavuta kamba ya kitambulisho changu,
mshale unahangaika kama mbuzi aliyefungwa,
kisha unatulia:
kumi na moja na robo.

Mama anaitazama namba ile. Mimi hanitazami.
Nje propela imeanza kukohoa,
rubani ananyoosha vidole viwili: dakika mbili.

"Na Lodwar?" anauliza,
kana kwamba hakuzaliwa huko.

Nafungua mdomo nitaje kilomita.
"Ni hapo tu," nasema.