Maili 41,206

Chumba cha wageni kikapata kiti cha kuzunguka
na mlango.
Shaame aliufunga Machi, siku ile tulipoambiwa tukae ndani.
Mimi nikaachiwa meza ya kulia:
madaftari ya Khatibu upande huu,
bakuli la maharage ya kuchambua upande ule,
kompyuta katikati, kama mgeni aliyekosa wa kumkaribisha.

Ilipofika Mei nikahamia garini.
Limeegeshwa chini ya dirisha lake, hapa Milton Keynes,
haliendi popote.
Nafunga mkanda, sijui kwa nini.
"Samahani, mtandao," nawaambia wenzangu wa bima,
nyuma yangu kiti cha mtoto
na makombo ya biskuti za mwaka jana.

Zuwena anagonga kioo. Mkasi uko wapi?
Amepita mlango wa baba yake,
kashuka ngazi, kavaa viatu, katoka na mvua,
kuja kuniuliza mimi.
"Baba ana mkutano."
Na mimi, mwanangu, humu napiga honi?

Ikaja barua: anayetaka apunguziwe saa, aseme.
Hatukujadili. Hata kugombana hatukugombana.
"Si wewe ndiye mwenye nafasi," alisema,
akachukua chai niliyomtengenezea,
akarudi juu.

Julai wakasema tumefunguliwa.
Gari likagoma, mpaka jirani akaleta nyaya.
Taa zikawaka, nikazitazama namba:
41,206, zile zile za Machi.
Mgongo wangu unaapa nimevuka nchi.