Mlia wa Ziada

Bibi yangu Garufalia hakupima milia kwa rula.
Aliihesabu kwa ulimi, cherehani ikimwitikia:
*e*, buluu; *lef*, nyeupe; *the*, buluu;
*ri*, nyeupe; *a*, buluu.
Hapo huinua mguu kwenye kanyagio, akavuta pumzi,
kwani neno uhuru limekwisha kutamkwa
na bado kuna "au", na bado kuna kifo:
*i*, *tha*, *na*, *tos*.
Mizani tisa, milia tisa.
Uhuru una tano. Kifo, pamoja na "au" yake, kina nne.
"Umeona?" husema, pini zikiwa midomoni,
"tumekizidi kwa mlia mmoja tu.
Ole wako uukate mwembamba."

Mwalimu Theofanis, mnywaji wa kahawa za watu,
alisema hakuna hati inayothibitisha hesabu hiyo.
Huenda ni mawimbi. Huenda ni wale mabinti tisa wa sanaa.
"Mawimbi hayahesabiki, mwalimu," bibi akajibu,
"na hao mabinti hawajawahi kunilipa."

Kasha liko chini ya ngazi, hapa Ermupoli,
nyumba ya tatu kutoka karakana ya meli.
Humo historia imekunjwa mara nne, inanuka dawa ya nondo.
Kuna kitambaa cha babu wa babu zetu, wakati kila kisiwa
kilijishonea chake: nyoka amejizungushia nanga,
jicho lake fundo la uzi mwekundu.
Kuna msalaba mtupu, mweupe, wa nchi kavu,
na milia ya baharini, maana zamani
udongo na maji havikuvaa nguo moja.

Na buluu! Husemwa mfalme kijana, mgeni wa Bavaria,
alikuja na samawati ya kwao sandukuni.
Wanajeshi walipoipindua serikali wakataka nzito, karibu na wino.
Bibi akashona nzito.
Jua la Siros likairudisha samawati
bila kuuliza wizara.

Mwaka wa sabini: milia peke yake.
Sabini na tano: msalaba urudi.
Sabini na nane: milia tena, bara na pwani.
Amri tatu, miaka minane,
macho mawili yanayofifia.

Mto mmoja hatukuruhusiwa kuufua.
Mwaka wa njaa, Waitaliano wakiwa bandarini,
alishonea bendera ndani yake, kati ya sufi.
Mdogo wake Anthusa alifia juu ya mto ule,
mwepesi kama kapu tupu,
asijue alichokiegemea.
Bibi hakulisimulia hili zaidi ya mara moja,
na mara hiyo alikuwa akitafuta mkasi.

Kisha Machi ile ya gwaride. Wa kwanza darasani
alikuwa Brikena, wazazi wake walivuka mlima kutoka Albania,
na wa kwanza ndiye hubeba.
Akaja dukani kurekebishiwa mkanda wa mlingoti.
Baba mmoja, mlangoni, akasema kitambaa hiki si chake.
Bibi hakuinua kichwa.
"Pamba ni ya Misri. Rangi ni ya Ujerumani.
Mji wenyewe waliujenga wakimbizi wa Kios,
walishuka mashuani hawana hata sindano.
Chako ni kipi hapo, Pandeli? Nionyeshe nikukatie."

Brikena alibeba. Upepo ulikuwa mbaya,
ukamtwanga kitambaa usoni njia nzima.

Sasa cherehani ni yangu.
Jana nililiinua dirishani msalaba wa zamani,
ule ambao taji lilishonwa, likafumuliwa,
likashonwa tena, likafumuliwa.
Uzi haupo. Matundu ya sindano yapo,
na mwanga ukapita humo, ukachora taji
sakafuni, juu ya vumbi, juu ya kiatu changu.
Nikasogeza mguu.
Nilikuwa na bendera ya shule ya kumaliza,
nimeshafika *na*. Nikaingiza *tos*, buluu ya mwisho,
nikakata uzi kwa meno,
jambo alilonikataza maisha yake yote.