Mrithi wa Miezi Saba

Funguo za karakana zilikaa ndani ya kopo la biskuti,
bati la Uswidi, kutu imeshaila pembe,
na juu ya kifuniko familia ya kifalme
imeitumbulia macho Igogo
tangu mwaka ule Bwana Hokani alipofunga mizigo
akamwachia baba spana kumi na nne, pampu mbovu tatu
na hadithi moja.

Baba aliisimulia akiwa chalichali chini ya pampu,
sauti kama inatoka kisimani:
"Kwao, Nkwimba, zamani mfalme alichaguliwa.
Walikuwa na jiwe kondeni. Wanamnyanyua, wanamsimamisha juu yake,
na mikono iliyompandisha
ilikuwa na haki ya kumteremsha."
Nikatazama mawe yetu, yalivyobebana hadi mlangoni mwa jirani,
nikaona Mwanza ingetosha wafalme elfu.

Kisha jiwe likasahauliwa, kiti kikaingia ndani ya ukoo.
Ukoo ukakauka.
Wakaagiza mrithi Ufaransa, jemadari,
kama sisi tunavyoagiza injini za boti,
akafika hajui hata kuwaamkia kwa lugha yao.
Wakatunga sheria: mwana wa kiume, na mwanawe wa kiume,
na mwanawe,
karibu miaka mia na sabini.

Akazaliwa binti. Wakangoja.
Akazaliwa mvulana, akawa mrithi kabla hajaota jino.
Miezi saba na ushee.
Mwaka mpya ulipoingia, sheria mpya ikaamka nao:
wa kwanza ni wa kwanza.
Mtoto amelala, kiti kimehama,
hakuna aliyemwamsha kumwambia.

Baba alicheka kila alipofika hapo.

Leo tunaanua matanga.
Baba mdogo Mihayo amekalia kiti cha marehemu,
kopo mapajani, vidole juu ya nyuso za wafalme.
"Mila ni mila. Mwanamke na pampu wapi na wapi?
Karakana ni ya Luhende."
Luhende anakagua ukucha wake,
Luhende, muuza laini za simu Nyegezi,
ambaye nati ya kulegeza huikaza.

Nikasema: "Baba mdogo, mila ipi?
Ngoma za watemi ziko Bujora, kaziulize.
Mtemi alipokufa, mwanawe alilia kama watu wengine, akarudi shambani.
Kiti kilimfuata mpwa, mtoto wa dada,
maana tumbo la dada halina ubishi.
Wakaja Wazungu na rejista, safu ya baba, safu ya mwana,
na leo rejista ile ndiyo unayoiita mila."

Shangazi Holo akakohoa,
kikohozi cha mtu asiye na kifua.

Ndipo Luhende akauliza, "Yule mtoto, walimfanya nini?"
"Yupi?"
"Wa miezi saba."
Hadithi nimeisikia mara mia, swali hilo sijawahi kuliuliza.
Nikasema, nadhani alikua tu. Nadhani alijifunza kutembea.
"Alipumzika," akasema Luhende,
akacheka, kicheko kilekile cha chini ya pampu,
kikatutisha sote.
Akamnyang'anya baba mdogo kopo, kwa adabu, kwa mikono miwili,
wala hakunipa:
aliliweka sakafuni, kati ya sahani za sato na miguu ya wazee,
akarudi kwenye ukucha wake.

Simu ikaita. Sengerema. Pampu ya zahanati imekufa tangu jana,
wanauliza fundi.
"Fundi yupi?" akasema baba mdogo.
"Bado tunajadili."

Kivuko cha Kamanga hakisubiri kikao.
Nikapiga goti, nikaingiza mkono koponi bila kutazama.
Ufunguo wa karakana una meno mawili yaliyolika
na uzi aliousokota baba mwenyewe.
Funguo nyingine zote ni za milango isiyokuwepo tena.

Nyuma yangu wanaendelea. Wamefika kwenye ng'ombe.